Mimba ya Liezel, Msimu wa Kukata Zabibu

8 Januari
Leo tumeanza kukata. Zabibu nyeupe za upande wa mto zimewahi kuiva mwaka huu kwa sababu ya joto. Tumegawiwa mikasi mipya, na mimi nikaokota shajara hii ya kampuni ya mbolea ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Nitaandika humu mpaka mavuno yaishe, kisha tuone.

Liezel ametapika katikati ya mizabibu. Kasema ni jua. Nikamwamini, maana hata mimi kichwa kiliniuma.

9 Januari
Joto.

11 Januari
Ametapika tena. Mzee Apollis, msimamizi wetu, alimwambia akae kivulini, naye akakaa akiimba, na sisi tukakata tukimsikiliza.

Liezel ni mtoto wa mdogo wangu Magriet, ila nimemlea mimi tangu alipoanza kutambaa. Ana miaka kumi na tisa, na ukimwona kwa nyuma utadhani ni mwanafunzi wa darasa la saba. Ana sauti nzuri, anapenda watoto wa watu, uongo haujui kabisa. Lakini mambo hayamkai kichwani. Ukimtuma sukari na sabuni atarudi na sabuni. Saa anaiona kama picha tu ya ukutani. Shuleni aliwachosha walimu, nao wakamchosha. Shamba zima linajua sababu, na hakuna anayeisema mbele yake: Magriet alimbeba akinywa, na siku ya kumzaa alipelekwa hospitali amelewa.

Magriet ameacha pombe. Ni mwaka wa nane sasa, ameokoka, anafagia kanisa. Ananisalimia njiani na mimi namwitikia. Zaidi ya hapo sina la kumwambia. Ameacha baada ya nini?

16 Januari
Leo gari la kliniki limekuja, nikampeleka Liezel kwa ajili ya kutapika kule. Nilibaki nje na wanawake wengine. Baada ya muda Nesi Arendse akafungua mlango. "Anti Katriena, ingia na wewe."

Liezel alikuwa amelala kwenye kile kitanda chembamba, blauzi imepandishwa, akitazama dari.

"Ni mjamzito," nesi akasema. "Mwezi wa tano huu."

"Haiwezekani. Huyu anachomwa sindano ya uzazi wa mpango. Mimi mwenyewe namkumbusha."

"Mara ya mwisho kumchoma ilikuwa Machi. Juni hakuja, wala baada ya hapo."

"Nilikuja!" Liezel akainuka. "Anti, nilikuja. Nilikaa pale kwenye jiwe mpaka jua likaondoka. Gari halikuja. Nikarudi."

Nikaikumbuka Juni. Mto ulifurika, daraja likafunikwa na maji, gari likabadilishiwa siku. Jioni ile nilimuuliza, umeenda? Akanijibu, nimeenda. Na kweli alienda. Kama amechomwa au hakuchomwa sikumuuliza, wala tarehe ya kurudi, na baada ya hapo kila mmoja wetu alijua mambo yako sawa.

Nje, Bettie alikuwa anasikiliza mlangoni. Ndiye anayeuza divai kwenye nyumba ya mwanzo, ile yenye geti la bluu. Akapaza sauti: "Ni divai hiyo! Inaosha sindano mwilini, kila mtu anajua!" Wanawake wakacheka.

Nesi akatoa kichwa. "Bettie, divai haiwezi kuosha sindano. Kidonge ndiyo, ukikitapika kimetoka. Kwa sindano, divai inaosha akili ya kukumbuka siku ya kurudi. Na wewe siku yako ni leo, usiondoke." Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka Bettie.

Kisha akafunga mlango, akakaa karibu na Liezel. "Unakunywa, mpenzi?"

"Jumamosi tu. Na Ijumaa. Na Krismasi."

"Kiasi gani?"

"Mpaka Attie aseme twende."

Basi nikamjua na baba. Attie Kiewiet, yule mkata zabibu wa msimu anayetoka kaskazini, aliyekuja tangu Agosti kupogoa mizabibu, mwenye kofia ya manyoya hata wakati wa joto.

"Sasa nisikilize," nesi akasema. "Wewe ukinywa, mtoto naye anakunywa. Inapita kwenye damu yako mpaka kwake."

Liezel akafikiri. "Kwa hiyo analewa?"

"Analewa. Na yeye hana pa kutapikia."

Niliuliza kama glasi moja ya Jumapili ina neno, maana bibi zetu walikuwa wanaambiwa inaongeza damu. Nesi akatikisa kichwa. Hakuna kiasi ambacho mtu anaweza kukuapia kwamba hakimdhuru mtoto, iwe divai, iwe bia. Yaliyopita, akasema, hatuna la kuyafanya. Lakini ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa mpaka siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kila siku ambayo Liezel hatakunywa kuanzia leo ni faida ya mtoto.

Tulirudi kwa miguu. Liezel aliweka mkono tumboni njia nzima, na mara moja alilisemesha. "Pole," alisema.

17 Januari
Attie ameambiwa. Kafurahi, kavua kofia, kanipigia saluti. "Shikamoo, mama mkwe!" Sikumwitikia.

20 Januari
Leo Jumamosi tumekata mpaka saa nane, kwa kuwa zabibu zinakimbizana na jua. Niliporudi, Liezel hakuwepo. Nilimkuta kwa Bettie, kikombe mkononi, amekaa mapajani kwa Attie.

"Nilisahau, Anti," aliniambia, na macho yake yalikuwa hayanioni vizuri.

Nilimgeukia Bettie. "Ulikuwepo mlangoni! Ulisikia kila neno!"

"Mimi nauza, Katriena. Simfungui mtu mdomo nikammiminia. Mfungie ndani mtoto wako."

Attie alisema, "Ni kidogo tu, mama, ametoka kazini, ana kiu." Na alisema kwa upole, kama mtu anayenieleza jambo ambalo sikulielewa.

22 Januari
Magriet amekuja mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia, hajawahi kuingia.

"Dada, Ijumaa na Jumamosi mniachie mimi. Wewe uko kazini, mimi kanisani natoka mapema. Nitakaa naye."

"Utakaa naye? Leo?"

"Dada Katriena…"

"Alipokuwa na miezi minane nilimtoa kwenye boksi la zabibu, nepi imegandia mwilini. Hukukaa naye wakati ule."

Akageuka, akaenda zake. Ana mgongo wa mama yetu, sikuwa nimeuona hivyo zamani.

27 Januari
Nimemfungia ndani. Katoka kwa dirisha, na tumbo lile.

30 Januari
Upepo wa kusini-mashariki siku ya tatu. Majani yanatupiga usoni.

3 Februari
Sijui niandikeje. Tulikuwa shamba la juu, Mzee Apollis akaniita kwa mkono. Liezel ameanguka kwenye mtaro karibu na kwa Bettie. Nilikimbia na mkasi mkononi. Alikuwa amelala ubavu, amechafuka, analia kwa sauti nyembamba: "Hachezi, Anti. Amelala. Nimemlevya." Magriet alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekaa ndani ya mtaro ule, kwenye tope, kichwa cha Liezel kiko kwenye mapaja yake, anamsugua tumbo taratibu.

"Mletee maji," aliniambia. Nikaleta.

Trekta lilitupeleka barabarani, gari la wagonjwa likatuchukua. Hospitalini mjini walimpaka dawa ya baridi tumboni, wakaweka kile chombo, tukasikia moyo. Unakimbia kama miguu ya kuku kwenye bati. Liezel akalala pale pale. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu, aliuliza mama yake mgonjwa ni nani. Mimi na Magriet tulifungua midomo pamoja. Magriet akafumba wa kwake. Nikasema, "Ni sisi."

5 Februari
Nimeenda kwa Magriet. Nilimwambia Ijumaa na Jumamosi awe naye. Alisema ahsante. Nikamuuliza bei ya unga.

9 Februari
Ijumaa. Kengele ilipolia Magriet alikuwa ameshafika mwisho wa mstari wa mizabibu, ana sufuria ya maharage na maandazi kwenye kitambaa. Alimlisha Liezel pale pale, kabla Attie hajavua glavu. Kisha wakaondoka wameshikana mikono kwenda kuchuma maua ya kanisani. Wanawake walitazama. Bettie akasema, "Angalia, mtakatifu anafunga mlango, farasi ameshatoka." Nikamwambia afunge wa kwake kwanza.

10 Februari
Hakunywa.

17 Februari
Hakunywa. Attie alikuja na mfuko wa divai kwapani, ule wa kung'aa. Liezel akamwambia, "Mfuko hapana. Njoo wewe." Attie akacheka, akauacha mfuko kwenye ua wa Magriet nje, akaingia akanywa chai. Alikaa robo saa, akitazama mlango.

18 Februari
Mlimani kuna moto. Majivu yameangukia zabibu.

20 Februari
Nilipita kwa Magriet kumchukua Liezel, nikawakuta wamekaa mezani wanachambua maharage. Magriet alikuwa mweupe midomoni. Alisema, "Kaa, dada. Nataka usikie na wewe."

Akamwambia Liezel. Hakupamba. Alimwambia, nilipokuwa na wewe tumboni nilikunywa kila siku. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe, na Jumamosi bila kipimo. Ndiyo maana ulizaliwa mdogo. Ndiyo maana namba hazikukai na siku zinakupotea. Si uvivu wako, si ujinga. Ni mimi.

Liezel aliendelea kuchambua. Halafu akauliza, "Kwani mimi nina nini?"

Nimemlea miaka yote hii, na leo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kitu. Alikuwa akidhani kila mtu anaishi hivyo, na kwamba wengine tunajitahidi zaidi yake.

Magriet akamweleza. Liezel akainuka, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Njiani kurudi alitembea mbele yangu.

21 Februari
Hasemi.

22 Februari
Hasemi, haimbi. Mzee Apollis ameniuliza kama redio imeharibika.

23 Februari
Ijumaa. Kengele ikalia, Magriet yuko pale na sufuria yake. Nilidhani Liezel atampita. Alisimama mbele yake akauliza, "Ilikuwa ya rangi gani?"

"Nini?"

"Divai. Uliyoninywea."

"Yoyote, mwanangu. Yoyote waliyotupa."

Liezel akafikiri sana. "Mimi napenda nyekundu," akasema, kisha akakaa chini akala maharage.

25 Februari
Hilo neno limenikaa: waliyotupa. Nilikuwepo. Sheria ilikuwa imeshakataza wenye mashamba kuwalipa vibarua kwa divai, lakini kwenye mashamba ya huku juu ndoo ya divai ilikuwa inapita asubuhi kabla ya mkate, na kikombe kimoja cha bati kwa wote. Magriet alikuwa na miaka kumi na saba, mimi ishirini na tatu. Alininyooshea kikombe, nikanywa, nikampa aliyefuata. Nimemhukumu mdogo wangu miaka yote hii kama mtu aliyesimama mbali, na kumbe nilisimama pembeni yake kwenye mstari mmoja. Mwili wangu haukushika mimba, basi. Hapo ndipo tulipotofautiana.

Sijamwambia. Nimempelekea mafuta ya kukaangia.

2 Machi
Hakunywa. Zabibu nyekundu zimeanza. Vidole vyetu vyote ni vyeusi.

9 Machi
Hakunywa. Mtoto anapiga teke mpaka gauni linaruka. Liezel ananiita kila mara: "Anti, njoo, anacheza!" Nakwenda kila mara.

16 Machi
Attie hakuja.

20 Machi
Lori la wakata zabibu wa msimu limeondoka kwenda kwenye mashamba ya machungwa. Attie alipanda na kofia yake. Alimpa Liezel redio yake ndogo, akamwambia atarudi mtoto akizaliwa. Liezel akauliza, "Siku gani?" Attie akasema, "Siku nzuri." Liezel ameridhika na jibu hilo, kwa leo.

23 Machi
Jumamosi, mchana. Magriet aliingia kanisani kuweka maua, Liezel akabaki nje. Alipotoka hakumkuta. Akanipitia shambani, tukaenda wote kwa Bettie.

Alikuwa amekaa peke yake kwenye kona, kikombe kikubwa mbele yake, nusu kimeisha. "Namlilia Attie na huzuni haitoki," alisema. "Nimekunywa ili itoke."

Nilitaka kupiga kelele, lakini Magriet alinitangulia. Alikaa mbele ya Liezel, akakichukua kikombe kutoka mikononi mwake kwa mikono yake miwili. Na hapo nikamwona. Kilifika usawa wa kifua chake kikasimama. Pua zilifunguka. Divai ikamwagikia mkono wa shati lake la kanisani. Miaka minane, na kitu kile kilikuwa bado kinamwita kwa jina. Nilidhani mtu anaacha mara moja tu, kama anavyoacha kazi. Kumbe kila asubuhi anaacha upya, na mimi nilikuwa nikimpita njiani bila kumtazama.

Alimimina chini, kwenye sakafu ya Bettie, mpaka tone la mwisho. Bettie alichukua tambara akapangusa.

Tulimweka Liezel katikati yetu tukamrudisha. Akalia njia nzima, ilitoka.

26 Machi
Nesi Arendse hakumfokea. Alimwambia, "Umeanguka, umeinuka. Leo ni siku mpya ya mtoto." Ila tumbo ni dogo kwa miezi yake. Alilipima mara mbili.

30 Machi
Hakunywa.

5 Aprili
Mvua. Zabibu za mwisho zimeoza kwenye mashina, tumekata zilizobaki na matope mpaka magotini. Mavuno yameisha. Bosi kachinja kondoo. Liezel aliimba, akala, akanywa juisi, kisha akashika kiuno.

6 Aprili
Hakunywa.

13 Aprili
Amejifungua alfajiri, kabla ya wakati. Msichana. Mdogo sana, yuko kwenye kile kisanduku cha kioo, ana mipira puani. Nimemwona uso. Mdomo wa juu mwembamba kama uzi, na chini ya pua, pale pa kale kamfereji, pako bapa, alama ile ile ya divai aliyonayo Liezel. Magriet naye alipaona. Alishika kioo. Hatukutazamana.

Liezel alisema, "Ni mzuri." Na ni mzuri.

17 Aprili
Daktari ametuambia ukweli wote anaoujua, na si mwingi. Ataishi, anadhani. Kichwa ni kidogo. Mengine yataonekana akianza kutembea, kusema, kwenda shule. Nilimuuliza kama zile wiki ambazo Liezel hakunywa zimesaidia. Alisema, "Zimesaidia." Nikauliza kiasi gani. Alisema hilo hakuna mtu atakayeweza kulijua, kwa sababu mtoto ambaye angezaliwa bila wiki hizo hatutamwona kamwe.

Mhudumu mmoja alisema mbele ya Liezel, bora huyu afungwe kizazi yaishe. Nesi wa zamu akamtoa nje. Akakaa na Liezel, akamwekea kitandani vitu vyenyewe avishike: vidonge, kitanzi, kijiti cha kuweka mkononi. Alimweleza polepole, akamwambia arudie, akamweleza tena. Liezel akachagua kijiti. Ameshawaonyesha wadi nzima bandeji yake. "Hiki kinanikumbukia chenyewe," anawaambia. "Miaka mitatu. Nikitaka mtoto mwingine wanakitoa. Wamesema nitasema mimi."

22 Aprili
Leo ofisa wa ustawi wa jamii aliuliza mtoto atakaa wapi. Nilikuwa na jibu tayari. Nyumba yangu ni safi, nimemlea Liezel, sijanywa tangu nilipompokea. Tangu mtoto alipozaliwa nilikuwa nikimwona kwangu, kitanda chake kando ya dirisha. Sijawahi kumwambia mtu jinsi nilivyokuwa nikimwona.

Liezel alisema, "Mimi nitamsahau. Simsahau kwa moyo. Nitamsahau jikoni, nitamsahau kwenye maji. Nitalala naye chumba kimoja, lakini alelewe na Mama."

Ofisa alidhani ni mimi. "Bi Katriena?"

"Hapana. Mama. Huyu." Akamshika Magriet mkono. "Anti hajui ilivyo. Mama anajua ilivyo."

Niliangalia viatu vyangu. Ofisa akaandika.

3 Mei
Wamehamia kwa Magriet leo, Liezel na mtoto, na redio. Mtoto anaitwa Marisa. Nilibeba godoro la Liezel begani nikalitua mlangoni, nikageuka kuondoka. Kwangu kumekuwa kimya mpaka nasikia birika likipoa.

Magriet akanikimbilia barabarani, hana viatu.

"Dada, usiende. Sijui hata kumwogesha."

"Umezaa, Magriet."

"Sijawahi kumshika mtoto mchanga nikiwa na akili zangu." Alikuwa analia. "Sikumbuki kitu. Sikumbuki hata kichwa kinashikwaje. Wewe ndiye uliyemwogesha wangu. Nifundishe."

Nikarudi. Nikakunja mikono ya blauzi, nikachemsha maji, nikayachanganya, nikamwonyesha: kiwiko kwanza, mkono nyuma ya shingo, hivi, usiogope, havunjiki. Akauweka mkono wake pale ulipokuwa wangu. Marisa alilia. Ana kilio chembamba, kirefu, kisichopumzika, na hakibembelezeki kama cha watoto wengine. Wameshatuambia hospitalini kwamba kitakuwa hivyo.

Liezel alikuwa amesimama na taulo mikononi, amelikumbatia.

"Analia kwa sababu yangu?"

Magriet akainamisha kichwa juu ya beseni. Nikaona kwamba safari hii hawezi, amekwisha sema yote aliyokuwa nayo.

"Ni maji," nikasema. "Yana moto kidogo."

Liezel akasogea, akatia mkono ndani ya beseni, akauacha humo. Maji yalikuwa vuguvugu. Alinitazama, kisha akautoa mkono, akaufuta kwenye taulo, akalifungua taulo vizuri na kusubiri apewe mtoto wake.